Jeraha Ulilolibandua Mbele ya Watu

Kendi wangu,

Umeenda kwa Mama Rukia kuaga, na pale najua hutatoka bila kula, kwa hivyo nina nafasi ya kuandika. Sufuria inachemka polepole, vichwa vya mbuzi vya kesho nimeshavichoma na kuvikwangua, na mikono yangu bado inanuka manyoya yaliyoungua. Ukikuta karatasi imeingia mafuta usishangae. Nimenawa, lakini mtu wa supu hanawi akatakata.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Nyumbani tumezoea Kimeru, ila umenisikia nikiwa na hasira: Kimeru hutoka chenyewe, mdomo haungojwi. Kwa Kiswahili lazima kwanza nitafute neno, na nikishalipata hasira imepoa kidogo. Laiti siku ile ningekasirika kwa Kiswahili.

Sitakuambia ufunike chakula, wala ufiche simu, wala usikope majirani. Hayo unayajua kunishinda. Embu si ng'ambo, na ukiwa na shida utanipigia. Ninachotaka kusema ni kingine, na nikikisema kwa mdomo utaondoka kabla sijafika katikati. Tangu siku ile ya Mwenda hujaniangalia usoni. Unanisalimia vizuri, unanishikia ngozi nikichuna, unanipitishia chumvi, lakini macho yako yanafika shingoni pangu yanasimama hapo. Na kuchora nyuso umeacha. Nilipokuwa nikifagia nilikuta brashi zako chini ya kitanda, zimefungwa ndani ya soksi ya shule. Nikazirudisha palepale.

Kesho unaenda Embu kufanya kazi kwenye saluni ya maharusi. Mwenye saluni amekuambia wazi kwamba anataka uso wa aina moja: nyusi zile zile, poda ile ile, kila bibi harusi atoke akifanana na wa Jumamosi iliyopita. Ukakubali upesi. Lakini wale watu wa filamu waliotaka mtu wa kutengeneza majeraha walipokupigia, ukawaambia ulishaacha mambo hayo. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikasikia kila kitu. Moyo uliniuma sana, mwanangu. Naogopa kwamba kisu changu kilimkata Mwenda shavu na wewe kikakukata jicho, na jicho halishonwi hospitalini. Hilo ndilo linaloniweka hapa na kalamu.

Wewe ulilelewa chini ya meza ya kibanda hiki. Watoto wengine wa mtaa huu wa Majengo walicheza na vizibo vya soda, wewe ulicheza na nilivyotupa. Ulikuwa unainua kipande cha wengu ukikielekeza kwenye jua, unauliza, "Mami, hii rangi inaitwaje?" Nami nikakujibu kwamba hiyo si rangi, hiyo ni wengu, irudishe kwenye karai kabla paka hajaiona. Bwana Salim wa bucha ya mbele ya msikiti, ambaye ndiye huniuzia vichwa, aliwapa watoto wenzako peremende; wewe ulimwomba nyongo. Akaniita akaniambia, "Mama Kendi, huyu mtoto wako ama atakuwa daktari ama mchawi." Nilicheka, lakini usiku sikucheka. Niliona aibu kuwa na msichana anayependa matumbo.

Sikuelewa ulichokuwa unafanya. Nilidhani mapambo ya uso hutoka kwenye kopo, unanunua, unapaka, unakwenda kanisani. Kumbe wewe ulikuwa unakusanya. Nilianza kuelewa ile likizo tulipoenda kwa dada yangu kule Kiirua kuvuna waru, vile viazi vyake. Sisi tulikuwa tumeinama tunachimba, wewe umekaa kwenye tuta na ua la waru mkononi, lile jeupe lenye zambarau kwenye mishipa na manjano kooni. Ulikaa nalo mpaka nikakurushia bonge la udongo. Likakupata begani. Jioni ulitoka chumbani na macho yako yote mawili ni ua la waru: kope nyeupe, zambarau imepotelea pembeni, na kitone cha manjano kwenye pembe ya jicho. Dada yangu akaweka chini jembe, akasema, "Haki, hii ni ya shamba langu." Nami nikakuambia nenda ukaoshe, tunakula. Nilisema hivyo, na ua lile nalikumbuka mpaka leo.

Halafu ikaja harusi ya binti wa Salim. Ulimpaka rangi ya kope ambayo kila akigeuka inatoka kahawia inaingia kijani, mpaka wanawake wakawa wanamzunguka kama kuku wanaozunguka nyoka. Shangazi mmoja kutoka mji wa Maua akakuuliza, "Hii ulitoa wapi, kipenzi?" Nawe ukamjibu bila hata kupepesa, "Kwa ini. Ini la kondoo likiguswa na nyongo." Bibi harusi akapiga kelele akataka kioo na maji. Salim alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilikuwa pale mlangoni na sinia la wali, na kwa mara ya kwanza nilijivuna, ingawa nilikukemea ili watu wasijue.

Sasa nikueleze kitu ambacho unakijua nusu. Nilikuhadithia habari za Kangeta, kijijini kwetu, ulipokuwa mdogo, lakini nilizihadithia kama hadithi za kuchekesha. Wakenya wengine wakitaka kucheka hutuambia Wameru hatuna breki, na sisi wenyewe tunacheka nao, tunatikisa kichwa, tunaona ni sifa. Mimi nilikulia katikati ya sifa hiyo. Baba yangu alikuwa na miraa, na miti yake aliipenda kuliko sisi. Siku moja mchana kweupe mwizi alishikwa juu ya mti. Walimvuta kwa miguu akaanguka na tawi mkononi. Kila mtu alimpiga kwa alichokuwa nacho. Mama yangu alinitia jiwe kwenye kiganja, jiwe la kunitosha, akaniambia nitupe. Nikatupa. Lilimpata juu ya jicho, ngozi ikafunguka, na watu wakanishangilia kwa jina langu. Nilikuwa mtoto, Kendi, na sijawahi kushangiliwa vile tena.

Walimfunga sokoni kwenye nguzo ya duka mpaka chifu alipofika, na baadaye ndugu zake wakamchukua wakamlaza nyumba ya jirani yetu. Kila nilipotumwa maji nilipita kumwona. Nilimwona akiwa mwekundu, kisha zambarau, kisha kijani ikaingia pembeni, kisha manjano chafu. Sikumhurumia. Nilikuwa naenda kuona kazi yangu. Hicho ndicho nilichojifunza nyumbani: piga kwanza, maswali yatamkuta amelala. Nimebeba somo hilo mpaka Meru mjini, na limenifaa mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Mwanamke peke yake Majengo, anauza supu kwa walevi na makondakta, kama mkono wake si mwepesi atakanyagwa. Nimewahi kummwagia mtu supu ya moto kwenye mapaja kwa sababu alikataa kulipa, na nikarudi kumkamulia ndimu mteja aliyefuata.

Nilipokuhadithia habari ya mwizi yule, nilitegemea uogope au ucheke. Wewe ukauliza, "Jicho lake ile siku ya kijani, kijani ilianzia wapi? Juu ama chini?" Nikakueleza. Chini, karibu na pua, halafu inapanda. Ukaenda. Kesho yake ulirudi na jicho lile usoni pako, lile lile, jicho la yule mtu wa Kangeta ambaye hukuwahi kumwona. Sufuria ilinitoka mkononi. Nilikupiga kofi, unakumbuka? Ulifikiri nimekupiga kwa sababu ya kuharibu poda. Nilikupiga kwa sababu kwa mara ya kwanza nilimhurumia yule mwizi, na sikujua huruma ile niiweke wapi. Ningekuambia siku hiyo hiyo, labda yaliyofuata yasingefuata.

Nije sasa kwa Mwenda.

Mwenda nilimpenda. Kijana wa watu, mama yake yuko Kiirua, kinyozi chake, kile chumba cha kunyolea, kimepakana na kibanda changu, na kila asubuhi alikunywa supu yangu akisema, "Mama Kendi, leo ng'ombe imekufa vizuri," na mimi namwambia ni mbuzi, na yeye anasema basi mbuzi imekufa kama ng'ombe. Alikuachia kioo chake kikubwa na taa zake wakati hakukuwa na wateja. Nilijua mnapendana kidogo. Nilinyamaza, nikangoja mniambie.

Siku ile uliniambia unaenda kwake kujaribu kitu cha kupiga picha. Kumbe ulikuwa na tishu, gundi ya kope, na sukari uliyoichemsha na rangi ya keki na kakao. Sukari ilikuwa yangu, nilikuwa nimeitafuta asubuhi. Ulijitengenezea pigo la panga kwenye shavu, kutoka karibu na sikio hadi kwenye taya. Ulichukua ngozi yake kwenye vichwa vyangu ninavyovipasua, na kingo zake kwenye nyama ya Salim, na michubuko ya kulizunguka kwa yule mwizi wa mama yako. Baadaye uliniambia hivyo, au tuseme ulimwambia polisi nikiwa nimesimama pale. Kila siku yangu uliiweka kwenye shavu lile.

Nilikuwa nimeinama nakwangua kichwa. Kisu kilikuwa kile kifupi chenye mpini wa mpira. Nikasikia, "Mami, angalia!" nikainua macho. Wewe uko mlangoni, shavu limefunguka, nyama iko nje, damu imefika kwenye kola. Nyuma yako yuko Mwenda, na mkononi ana taulo nyeupe ya kinyozi imelowa nyekundu.

Mwanangu, ulikuwa unacheka. Nimelirudia jambo hili mpaka limenichosha. Meno yako yote yalikuwa nje, na Mwenda naye anacheka, mabega yanaruka. Nilikiona kicheko na hakikunifikia. Na damu yenyewe ilikuwa haidondoki, ilikuwa imesimama palepale kama asali kwenye kijiko. Mimi mwenye kufanya kazi na damu tangu uote meno, mimi ningejua. Ningetazama hata kwa muda wa kumeza mate, ningejua.

Nilipiga nduru ya kuita watu. Niliruka meza, na karai likaanguka. Ulikuwa unasema, "Mami ni mekapu! Mami ni mekapu tu!" na mimi nilikusukuma pembeni kwa kiwiko, ukagonga ukuta. Mwenda alinyanyua mikono, taulo ingali mkononi, akasema, "Mama Kendi, tulia, si—" Sikumngoja amalize. Nilimkata. Nilimkata shavu la kushoto kutoka kwenye sikio, na kisu kilifika kwenye taya kikagonga mfupa, nikausikia mfupa kwenye mkono wangu kama ninavyousikia kila siku kazini.

Nitakuambia nilichokiona, maana hujaniuliza na najua unataka kujua. Kwanza palikuwa peupe. Shavu lilifunguka likawa jeupe ndani, safi kabisa, na mimi na wewe tukapatazama. Ndipo damu ikaja, ikaja yote mara moja. Ilikuwa nyepesi kuliko ya kwako. Ilirukia nguo yangu ya kazi, ikarukia supu.

Nduru yangu ilikuwa imeshafanya kazi yake. Watu wa bucha walitoka na vitu vya bucha, vijana wa pikipiki wakaziacha pikipiki zao zinanguruma. Waliona msichana shavu limepasuka, waliona mama anatetemeka na kisu, waliona mwanamume ana damu mpaka kiunoni na taulo. Nani angeuliza? Ni mimi nisiyeuliza ndiye niliyewaita. "Ameua msichana wa supu!" mtu akapaaza sauti. Wa kwanza alimpiga Mwenda na chuma cha kutundikia nyama, Mwenda akapiga magoti. Wa pili akamkanyaga mkono, ule mkono wa mashine ya kunyolea. Mawe yakaanza. Nikaona kijana ninayempa supu ya bure kila Ijumaa anavuta tairi kutoka kwa fundi, na mwingine anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa nani ana petroli.

Na mimi nilisimama. Nilikuwa nimeshaanza kuelewa, maana nilikuwa nimekuangalia tena na damu yako bado ilikuwa haijasonga. Nilielewa, na mdomo ulikataa kufunguka. Mdomo huu unaojua kutukana lugha tatu.

Ni wewe uliyepita katikati yao. Ulichota lile karai lililobaki, maji ya kuoshea vichwa, yenye manyoya na masizi na damu iliyoganda, ukajimwagia usoni. Ukajikwangua kwa kucha. Ukashika pembe ya jeraha lako karibu na sikio, ukalivuta, likatoka zima, likitoa sauti ndogo. Ukaliinua juu. "Ni karatasi! Angalieni, ni karatasi na gundi! Hajanigusa! Muacheni, hajanigusa!" Shavu lako lilikuwa safi, limekuwa jekundu kidogo tu pale gundi iliposhika. Ulikuwa umelala juu ya Mwenda nusu, na mkono umeuinua, na jeraha linaning'inia kwenye vidole vyako.

Yule wa tairi aliliachilia, likabingirika mpaka kwenye mtaro. Salim akavua koti lake jeupe akakunja akakandamiza shavu la Mwenda, akaniambia bila kunitazama, "Weka kisu chini, dada yangu." Nilikuwa bado nimekishika.

Mengine yote ulikuwepo. Nililala seli, na nilistahili. Mama yake Mwenda alipotoka Kiirua alinikuta kwenye ukumbi wa hospitali, akanipiga kofi, akanipiga jingine, nami niliweka mikono nyuma nikayapokea. Watu wakataka kumshika, nikawaambia mwacheni. Mwenda alikataa kupeleka kesi mbele, wazee wa pande zote wakakaa, tukapeleka mbuzi wa kupatanisha. Nilipotaka kumchinja kwa mazoea, mzee mmoja akanigusa bega akasema, "Si kisu chako, mama." Nimechinja na kupasua maisha yangu yote, na siku ile nilikaa na wanawake nikatazama mbuzi wangu akichinjwa na wengine. Hapo ndipo nililia. Wewe ulikuwa umekaa upande wa pili, na ulikuwa unatazama majani.

Nadhani unajilaumu. Mama Rukia aliniambia kwamba ulimwambia, "Ni mikono yangu ndiyo ilimkata." Hapana, Kendi. Nasema hapana kwa nguvu zangu zote. Mikono yako ilitengeneza kitu cha karatasi ambacho mtu yeyote aliyetulia angekitazama na kushangaa. Mkono uliokata ni huu unaoandika. Usiubebe. Nina mkono mmoja tu wa kulia na sitaki uuchukue uende nao Embu.

Na usifikiri kwamba kosa lako lilikuwa kutazama vitu vibaya. Nimesikia ulivyojibadilisha. Sasa unataka vitu laini, maua ya plastiki, picha za wanawake wasio na vinyweleo. Hata ukipita kwa Salim unageuza uso. Mimi si mtu wa kukufundisha kazi yako, nyusi zangu mwenyewe huzipaka zikaelekea pande mbili tofauti. Lakini nimekuona ukifanya kazi tangu ukiwa chini ya meza, na najua ulitofautiana nami wapi. Mimi huona kitu mara moja na kwenda nacho. Wewe hukaa nacho mpaka kikuambie kiko namna gani. Shingo ya njiwa wa msikitini, umewahi kuitazama mpaka chai ikapoa. Gamba la miraa lile jekundu linapokutana na kijani. Mabati ya kinyozi yalivyoota kutu baada ya mvua. Hata mimi, nilipokuwa na homa, ulinikalia kitandani ukaniambia midomo yangu imekuwa rangi ya vumbi la Kangeta, na nilitaka kukupiga lakini sikuwa na nguvu. Kama mimi ningekuwa na robo ya tabia hiyo, Mwenda angekuwa na mashavu mawili sawa. Usiitupe tabia hiyo kwa sababu yangu. Ndiyo peke yake katika nyumba hii isiyomkata mtu.

Nenda kwenye saluni hiyo ukitaka, fanya kazi, heshimu mwenye duka. Sina neno. Ila usiende kujificha ndani ya uso mmoja. Ukichoka, wale wa filamu namba yao niliichukua kwenye simu yako ukiwa umelala. Unikasirikie baadaye.

Jana Mwenda alikuja. Hajaja kunywa supu tangu yale, nikadhani amekuja kudai. Alikaa kwenye benchi upande ule wa ukuta, kovu likinitazama, akaagiza kichwa nusu na pilipili. Akala polepole maana taya bado linamsumbua upande mmoja. Alipomaliza akasema, "Nimesikia anaenda."

Nikamwambia ndiyo, kesho kutwa.

"Anaogopa kuniangalia. Nikipita anaingia ndani. Mwambie si yeye." Akajipangusa mdomo. "Na umwambie hivi, ile yake ilikuwa nyekundu sana. Ya ukweli inaanzanga na nyeupe. Kama anataka kufanya hii kazi akuje aangalie hii yangu vizuri, ata ashike. Mimi sioni haya. Nanyolea watu nayo kila siku."

Nilimwambia supu ni bure. Akaweka pesa mezani akaenda, na sikumfuata, maana ni haki yake kulipa.

Basi nina ombi, na ni hilo moja. Kesho ukiamka mapema, kabla hujafunga mkoba, toa zile brashi kwenye soksi. Mimi nitakuwa nimekaa kwenye stuli ya wateja, mlango uko wazi, mwanga wa saa hizo ni mzuri, ulinifundisha mwenyewe. Nataka unichore uso niliokuwa nao siku ile. Mimi sikuwa na kioo. Mwenda alifumba macho. Ni wewe tu uliyeuona uso huo, tangu nilipoinuka mpaka kisu kiliposhuka, na najua unao, kwa sababu wewe husahau majina ya watu lakini hujawahi kusahau uso. Weka kila kitu. Weka mishipa, weka meno, weka hayo macho yaliyoona binti akicheka yakaona damu. Usinipunguzie popote.

Ukimaliza nitakubebea mkoba mpaka stendi nikiwa na uso huo. Nitapita mbele ya Salim, nitapita mbele ya vijana wa pikipiki, nitasimama mbele ya kinyozi cha Mwenda atazame kwa muda anaotaka. Watacheka wa kucheka. Watoto watalia. Halafu gari lako litaondoka, na mimi nitarudi kwenye karai nijioshe, na nitakuwa nimejua ninafananaje.

Usiniambie huwezi. Vitu vyote viko kwenye soksi, sukari iko kabatini, nimeongeza. Nitakaa kimya, sitatikisika, hata nikilia nitalia bila kusogea. Chukua muda wako, gari la kwanza likitoka kuna la pili. Mimi nataka tu asubuhi moja, kwa sababu hakuna namna ya kunichora, mwanangu, bila kuniangalia.

Mama yako